Halmashauri 14 ndani ya leya 10

Mkoa wa Arusha una halmashauri saba: Jiji la Arusha, Arusha Vijijini, Meru, Monduli, Longido, Karatu na Ngorongoro. Kilimanjaro nao una saba: Manispaa ya Moshi, Moshi Vijijini, Hai, Siha, Rombo, Mwanga na Same. Jumla ni 14. Google My Maps, ambako wengi wetu tunaanzia kuchora ramani kwa sababu haina malipo na ramani yake inafunguka hata kwenye simu ya kawaida, inaruhusu leya 10 tu kwa ramani moja, yaani matabaka ya data yanayowashwa na kuzimwa. Karibu kila anayetaka kuiweka mikoa hii miwili pamoja hukwama hapo, na vijana wa vyama vya ushirika, wa jumuiya za watumia maji na wa miradi ya kupanda miti wananiuliza swali hilo hilo kila mara: sasa tunafanyaje?

Wengi huwa wameshajijibu kabla ya kunipigia. Wanatengeneza ramani mbili, moja ya kila mkoa, na kuwatumia watu viungo viwili kwenye WhatsApp. Kwa mambo yanayoishia mpakani hilo halina ubaya. Shule, zahanati na barabara za vijijini zina mhandisi wake na bajeti yake kila upande, na hakuna mtu wa Hai anayehitaji kuona darasa linalojengwa Meru.

Kwa maji haifai kabisa. Mimi naishi Moshi, na kazi zangu nyingi ziko kati ya Boma Ng'ombe na Usa River: vyanzo, mabanio (vizuizi vya kugeuzia maji ya mto), mifereji. Themi na Usa zinashuka kutoka Mlima Meru. Sanya, Kikafu, Weruweru na Karanga zinatoka Kilimanjaro. Maji yote hayo yanaishia Kikuletwa, na Kikuletwa inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako inakutana na Ruvu, ile ya Kilimanjaro, na kutoka bwawani ndipo Pangani inaanza safari yake hadi baharini. Ukiyagawa hayo katika ramani mbili umekata mto mmoja vipande viwili, na mkulima wa chini hawezi tena kuona ni nani yuko juu yake. Ugomvi wa maji wa kiangazi unaanzia hapo hapo, kwenye kutojua nani yuko juu yako na amefungua kiasi gani. Ramani isiyoonyesha hilo haijamsaidia mtu, hata ikiwa na rangi nzuri namna gani.

Kwa hiyo nataka nieleze ninavyofanya, kwa kirefu, kwa sababu naamini kikomo kile cha leya 10 kinatuonyesha kitu tulichopaswa kukiona hata kama leya zingekuwa elfu moja.

Tunatengeneza leya za halmashauri kwa sababu data zinatufikia kwa halmashauri. Barua ya kuomba takwimu inakwenda kwa mkurugenzi wa wilaya, afisa wa wilaya anatuma faili la wilaya, nasi tunalipandisha kama lilivyo. Faili moja, leya moja. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba ramani ipangwe hivyo. Wauza mitumba wa soko la Memorial pale Moshi hawafanyi hivyo: wakishafungua marobota, mashati yanakwenda kwa mashati na suruali kwa suruali, na mteja haulizwi nguo anayoitaka ilikuja ndani ya robota lipi.

Leya ni ya aina ya kitu. Mabanio ni leya, mifereji ni leya, chemchemi ni leya, mipaka ni leya. Halmashauri ni sifa ya banio, sawa na jina lake, mto wake na mwaka lilipojengwa, na mahali pa sifa ni kwenye kolamu. Ukishakubali hilo, halmashauri zako 14 zinakuwa maneno 14 ndani ya kolamu moja, na leya ulizohitaji zinabaki nne au tano. Kesho Mwanga ikigawanywa, au mradi ukaamua kuongeza Simanjiro, unaongeza mistari kwenye jedwali na ramani haibadiliki umbo.

Kazi yenyewe inafanyika kwenye jedwali la kawaida, Excel au lolote ulilonalo. Chukua mafaili yote 14, hakikisha vichwa vya kolamu vinafanana herufi kwa herufi na kwa mpangilio ule ule, kisha yabandike moja chini ya jingine. Kabla ya kubandika, ongeza kolamu ya halmashauri kwenye kila faili na uijaze mpaka chini, maana faili la Siha halijiandiki Siha ndani. Afisa aliyelituma alijua ni la Siha kwa sababu lilikuwa kwenye kompyuta yake. Jina la faili likibadilika, taarifa hiyo imepotea.

Mimi naweka kolamu mbili za halmashauri, na hapa ndipo naona faida kubwa kuliko zote. Moja inasema banio lilipo. Nyingine inasema maji yake yanatumika wapi. Nilikuwa na mzee mmoja, mwenyekiti wa mfereji katika eneo la mpakani, tumesimama juu ya banio lao la mawe na saruji. Lango la mbao limechakaa kwenye kona, wamelizibia kwa magunia ya udongo, na maji yanapita pembeni yakiwa na unene wa mkono. Nikamwuliza, "Shikamoo mzee. Hili niandike ni la upande gani?" Akaniambia, "Marahaba mwanangu. Andika pande zote mbili. Linasimama kule, linanywesha huku, na tukilipa fundi tunachanga wote."

Sasa mwenye leya za halmashauri aliweke wapi banio hilo? Akiliweka upande mmoja, wa upande wa pili wakifungua leya yao hawajioni. Akiliweka pande zote mbili, kwenye jumla linahesabiwa mara mbili, na ripoti itasema kuna mabanio ambayo hayapo. Nimeona mabishano makali ndani ya vikao yaliyotokana na hesabu za namna hiyo, watu wazima wakishutumiana kuficha mabanio. Kolamu mbili zinamaliza jambo: banio ni moja, lina namba moja, na uhusiano wake na kila upande umeandikwa.

Namba nayo ni lazima. Kila kitu kipewe kitambulisho chake kisichotegemea jina, kwa sababu majina ya huku yanajirudia sana. Kuna kata ya Kaloleni Arusha mjini na kuna kata ya Kaloleni Moshi mjini. Ukiweka mikoa miwili pamoja kisha ukaiambia programu iunganishe maeneo yenye jina moja la kata, itakutii. Utapata Kaloleni moja yenye vipande viwili, kimoja Arusha na kingine Moshi, na katikati yake umbali wa zaidi ya kilomita 70. Jedwali litakuonyesha mstari mmoja wenye jumla ya watu wa sehemu zote mbili, na kama hukufungua ramani ukaangalia, hutajua. Unganisha kwa namba ya kata, au kwa jina la kata likiwa limeambatanishwa na la halmashauri na la mkoa.

Tukirudi kwenye My Maps: ukishapandisha jedwali lililounganishwa, nenda kwenye mpangilio wa mwonekano wa leya na uchague rangi zifuate kolamu ya halmashauri. Macho ya mtazamaji yatapata kile alichokuwa akikitafuta kwenye leya 14, yaani Hai ina rangi yake, Meru ina yake. Kuna kitu utakikosa, nacho nakisema wazi: huwezi tena kuizima halmashauri moja kwa kubofya kisanduku chake, kwa sababu kisanduku kinazima leya nzima. Kwa mkutano wa kijiji hilo halijawahi kunisumbua. Kwa ofisi inayotaka kuwasha na kuzima wilaya moja moja, nawapeleka QGIS, programu ya ramani ya kompyuta. Humo leya moja ukiipanga kwa makundi ya kolamu, kila kundi linapata kisanduku chake kwenye orodha, na unaizima Rombo bila kuigusa Same. QGIS ni ya bure, ilianza mwaka 2002, na haina kikomo cha leya cha aina hii. Kinachokuzuia humo ni nguvu ya kompyuta yako.

My Maps ina vikomo vingine vya kuvijua mapema. Leya moja inabeba vitu visivyozidi 2,000, na ramani nzima 10,000. Ikiwa mabanio na visima vyako vimepita 2,000 itabidi ugawe leya, na watu hukimbilia kugawa kwa halmashauri tena. Mimi nagawa kwa mto. Leya ya mabanio ya matawi yanayotoka Meru, leya ya mabanio ya matawi yanayotoka Kilimanjaro, leya ya Ruvu. Mgawanyo huo una maana kwa mtu anayesoma ramani ya maji, na unabaki vile vile hata serikali ikichora mipaka upya.

Na mipaka inachorwa upya. Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha mwaka 2002, kwa hiyo takwimu yoyote ya zamani iliyoandikwa "Arusha" inaweza kuwa na Babati, Mbulu, Hanang, Kiteto na Simanjiro ndani yake. Siha ilikuwa Hai. Longido ilikuwa Monduli. Meru na Arusha Vijijini zilikuwa Arumeru, na wazee wengi bado wanasema Arumeru. Ukiunganisha faili la zamani na jipya bila kolamu ya mwaka wa mipaka, utakuwa na visima vya Mirerani vinavyohesabiwa Arusha kwenye mistari fulani na Manyara kwenye mingine.

Kwenye nukta, yaani mabanio na visima, mambo ni mepesi. Ugumu unaongezeka kwenye maeneo yenye mipaka. Ofisi ya Taifa ya Takwimu imetoa mipaka ya mikoa, wilaya na kata ya sensa kama mafaili ya ramani, na wengi tunaanzia hapo. Mafaili haya huja kama shepfaili, muundo wa tangu miaka ya 1990 ambao bado unatumika kila mahali pamoja na ukongwe wake. Jina la kolamu ndani ya shepfaili haliwezi kuzidi herufi 10. Neno halmashauri lina herufi 11.

Inaonekana jambo dogo, lakini linakula muda wa watu. Ukihifadhi leya yako kama shepfaili, kolamu inakatwa inakuwa "halmashaur". Mwenzako amehifadhi yake kwenye GeoPackage, muundo mwingine wa faili la ramani, ambako jina limebaki zima. Mnapoziunganisha, QGIS inaona majina mawili tofauti na inatengeneza kolamu mbili: ya kwanza imejaa kwa mistari ya Arusha na tupu kwa mistari ya Kilimanjaro, ya pili kinyume chake. Rangi zikifuata mojawapo, mkoa mmoja mzima unakosa rangi, na mtu anadhani data zake zimefutika. Hazijafutika. Fungua jedwali, tengeneza kolamu ya tatu yenye jina fupi, mimi hutumia "hlm", hamishia humo yote, kisha ufute zile mbili. Au tangu mwanzo kubalianeni majina mafupi, na mfanye kazi yote ndani ya GeoPackage, ambayo inabeba leya nyingi ndani ya faili moja. Shepfaili moja kwa kweli ni mafaili matatu au zaidi yanayotembea pamoja. Ukituma moja kwa barua pepe ukasahau mengine, aliyepokea hana kitu.

Kuna vitendo viwili vinavyochanganywa sana. Kwenye QGIS kimoja kimeandikwa Merge na kingine Dissolve. Cha kwanza kinaziweka leya mbili ndani ya leya moja, na kila eneo linabaki na mpaka wake: kata zote za Arusha na kata zote za Kilimanjaro, mstari kwa mstari. Cha pili kinafuta mipaka ya ndani na kuyafanya maeneo yenye thamani moja kuwa eneo moja. Anayetaka ramani ya mikoa miwili yenye kata zake anahitaji cha kwanza peke yake. Anayetaka umbo la bonde la Kikuletwa kutokana na kata zilizomo anahitaji cha kwanza kisha cha pili, kwa kolamu ya bonde. Tunza nakala ya leya iliyounganishwa kabla ya kuyeyusha mipaka, maana kata zikishayeyuka hazirudi kutoka kwenye umbo lililobaki. Pia angalia mstari wa mpaka wa mikoa baada ya kuunganisha: kama pande mbili zilichorwa na watu wawili, utaona vijipande vyembamba, sehemu fulani tupu, sehemu nyingine zimepandana. Vijipande hivyo vikibaki, umbo lako la bonde litakuwa na nyufa ndani yake.

My Maps inarudi tena hapa na kikomo chake kingine: jumla ya pointi zinazounda mistari na maeneo isizidi 50,000 kwa ramani nzima, na faili la ramani la KML unalolipandisha lisizidi megabaiti 5. Mpaka wa kata unaofuata kona za mto una pointi nyingi mno, na kata za mikoa miwili zinaweza kujaza nafasi hiyo haraka. Inabidi kurahisisha mistari, yaani kupunguza pointi bila kuharibu umbo. Ukitumia kitendo cha kawaida cha kurahisisha ndani ya QGIS, kila kata inarahisishwa peke yake, na majirani wawili wanaotumia mstari mmoja wanaweza kubaki na mistari miwili isiyolingana. Nyufa zinarudi. Kwa hiyo kazi hii naifanya kwenye mapshaper, programu inayofunguka ndani ya kivinjari. Yenyewe inatambua kwamba mpaka wa Hai na Siha ni mstari mmoja na inaurahisisha mara moja kwa wote wawili. Faili lako halipandishwi popote, linachakatwa kwenye kompyuta yako, kwa hiyo bando haliishi na data za watu hazitoki. Unasogeza kitelezi ukiangalia umbo linavyobadilika. Mimi naangalia kona za Kikuletwa na mwambao wa Nyumba ya Mungu. Vikianza kupoteza sura, narudi nyuma kidogo.

Jambo la mwisho ndilo ambalo limepoteza data nyingi kuliko yote, na halitokani na kikomo cha programu yoyote. Longitudo ya nyuzi 36 mashariki inapita ndani ya mkoa wa Arusha. Mfumo wa UTM, ambao wapimaji wetu wanautumia, unagawa dunia katika kanda za upana wa nyuzi sita, na mstari wa kanda ya 36 na ya 37 uko hapo hapo. Jiji la Arusha, Moshi na Kilimanjaro yote ziko kanda ya 37. Karatu mjini na Kreta ya Ngorongoro ziko kanda ya 36. Wilaya ya Monduli imegawanyika: Makuyuni iko kanda ya 37, Mto wa Mbu iko kanda ya 36, na kati ya hizo mbili ni mwendo mfupi tu wa gari kwenye lami.

Nilipoombwa kuunganisha visima vya mikoa yote miwili, siyo vya bonde la Kikuletwa peke yake, hapa ndipo nilipokaa muda mrefu. Jedwali la wilaya linakuja na kolamu mbili za namba, mashariki na kaskazini (mita za UTM), na hakuna kolamu ya kanda. Aliyepima alijua kanda yake. GPS yake ilikuwa ikiibadilisha yenyewe kila anapovuka mstari, naye akiandika namba tu kwenye daftari. Kisima cha Mto wa Mbu kwenye kanda ya 36 kina namba ya mashariki ya takriban 816,000. Ukiisoma namba hiyo kana kwamba ni ya kanda ya 37, kisima kinasogea nyuzi sita kuelekea mashariki na kutua katikati ya Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 150 kutoka pwani ya Malindi.

Kwa bahati njema kosa la ukubwa huo linaonekana kwa macho, na namba zenyewe zinakuambia ziko upande gani. Kwa mkoa wa Arusha, namba za mashariki za kanda ya 37 ni ndogo, kama 242,000 kwa jijini, kwa sababu mkoa uko pembeni ya magharibi ya kanda hiyo. Namba za kanda ya 36 ni kubwa, kuanzia 700,000 na kuendelea, kwa sababu eneo liko pembeni ya mashariki. Panga kolamu kwa ukubwa na makundi mawili yatajitenga yenyewe. Yaweke kwenye majedwali mawili, lipandishe la namba kubwa QGIS ukitumia EPSG:32736 na la namba ndogo EPSG:32737, ambazo ni namba za utambulisho za mifumo ya ramani, kisha unganisha yote mawili kwenda EPSG:4326, yaani latitudo na longitudo za kawaida. Kuanzia hapo mstari wa kanda haukuhusu tena, na My Maps inasoma latitudo na longitudo bila shida.

Kosa linalofichika zaidi ni la ramani za karatasi za zamani, zile za kipimo cha 1:50,000. Zimechorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, na GPS ya leo inatumia WGS 84. Tofauti kati ya misingi hiyo miwili kwa huku kwetu ni karibu mita 300, nyingi zikiwa za kaskazini na kusini. Kisima hakitui baharini, kinatua shambani kwa jirani. Au ng'ambo ya mto. Kwa mabanio hilo ni jambo zito, maana mita 300 zinatosha kulihamisha banio kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine, na mtu akalibeba hadi kwenye kikao kama ushahidi. Kwa data zilizosomwa kwenye karatasi hizo tumia EPSG:21036 na 21037 badala ya zile nilizotaja juu, na kwenye jedwali andika namba zilitoka wapi.

Wengine wanauliza kama si rahisi zaidi kuiweka mikoa yote miwili ndani ya kanda ya 37 peke yake, kwa kuivuta kuelekea magharibi. Inawezekana, na kwa kupima umbali na ukubwa wa maeneo nafanya hivyo mara nyingi. Pembeni mwa kanda vipimo hunenepa kwa karibu mita moja kwa kila kilomita, na magharibi kabisa mwa Ngorongoro, ukiwa umetoka nje ya kanda, vinafika kama mita mbili. Kwa urefu wa mfereji sina wasiwasi na hilo. Kwa hati ya kiwanja singethubutu.

Ramani ninayoipeleka kwa jumuiya za bonde kwa sasa ina leya nne: vyanzo, mabanio, mifereji, na mipaka ya kata iliyorahisishwa. Halmashauri zote ziko ndani yake, pamoja na kata za Simanjiro zinazogusa Kikuletwa. Zimebaki leya sita. Ya tano nataka iwe vipimo vya maji vya kila banio wakati wa Januari na Februari, kabla masika hayajaanza, kila kipimo na tarehe yake na jina la mto wake. Wenyeviti wa mifereji wengi tayari wanaandika kwenye daftari siku za zamu na saa za kufungua, na baadhi wanaandika kina cha maji kwenye lango. Kama wewe ni mmoja wao, au unamjua, nitumie picha ya kurasa hizo, na uniambie banio lilipo na maji yake yanatumika wapi.